Kurudisha Msamaha

Kazi yangu hapa Juba ni kupokea malalamiko ambayo hakuna mtu anayependa kuyapokea. Shirika la misheni lililoniajiri linaniita afisa wa ulinzi wa watoto, ingawa wengi wanaopanda ngazi za ofisi yetu ya Hai Amarat wameshaota mvi, au wana watoto wao wenyewe. Mabaya wanayoyaeleza yaliwapata zamani, wakiwa wadogo, katika shule na mabweni ya misheni, na makao makuu ng'ambo yameamua kuwa sasa wasikilizwe. Mimi huandaa chai, huwasha feni jenereta ikikubali, kisha hunyamaza. Ndugu zangu Kenya hudhani kazi hii inataka moyo laini. Inataka zaidi makalio ya kukaa.

Mwanamume mmoja, keshia wa benki, alikuja saa ya chakula cha mchana, kitambulisho cha kazi kikiwa bado kinaning'inia shingoni. Alilelewa Kenya kama watoto wengi wa vita, katika bweni letu la watoto wakimbizi kule kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Nilimkaribisha kiti nikamwuliza amekuja kueleza nini.

“Mambo yenyewe mnayajua, madam,” alisema. “Mimi nimekuja kurudisha msamaha.”

Nilidhani ni jua. Nilimsogezea maji.

“Nilimsamehe yule mmisionari,” aliendelea. “Sasa sitaki. Nataka muandike nimeurudisha.”

Nilimwomba aanze mwanzo. Mmisionari aliyesimamia lile bweni alimnajisi wakati meno yake ya utoto yalikuwa hayajaisha kung'oka. Hilo alilisema upesi, bila kuniangalia, na mimi pia sitalirefusha. Alichotaka kueleza kwa kirefu ni siku ya ushirika. Wasomaji waliokulia kati ya watu waliookoka wanaujua ushirika: mtu anasimama, anaiweka dhambi yake nuruni, wenzake wanaimba, wanamkumbatia, na tangu hapo neno hilo halitajwi tena kwa sababu damu ya Yesu imelifunika. Siku hiyo mmisionari alisimama. Alilia. Alisema amekosa subira na watoto na amemhuzunisha mmoja wao. Watu wakaimba. Kisha mtoto akaitwa kutoka benchi la mbele, akaambiwa ampe mkono na aseme, “Nimekusamehe.” Alisema. Baadaye alipewa soda nzima peke yake.

“Niliifurahia sana hiyo soda,” aliniambia. “Hiyo ndiyo inaniuma.”

Niliiandika na soda pia.

Nilijua kwa nini amekuja na neno hilo la kurudisha msamaha na si lingine. Uchunguzi wetu ulikuwa na kanuni: jambo ambalo kanisa la mahali lilishalisikia na kulipatanisha halifunguliwi upya. Aliyeitunga kanuni hiyo, nadhani, alijiona anatuheshimu. Waafrika wana njia zao za upatanisho, na yeye ni nani aziingilie? Kumbe heshima nyingine ni uvivu tu. Kwa sababu ya kanuni hiyo, maadamu msamaha ule ulisimama, jina la mmisionari halingepelekwa kwa polisi wa nchi yake. Naye alikuwa hai, amestaafu, na bado alikuwa akialikwa kuhubiri mbele ya watoto wa watu.

Nilianza na kamati ya kanisa lile, ambalo lilirudi Juba pamoja na watu wake. Waliniambia yaliyopita si ndwele. Mimi methali hiyo siipendi hata kidogo, na ofisini nimejifunza kwamba anayeitanguliza huwa ana jambo asilotaka kuulizwa. Kisha nilikwenda Kator, mtaa mwingine wa hapa Juba, kwa mchungaji mstaafu aliyeuongoza ushirika ule, enzi hizo naye akiwa mkimbizi Kenya. Alinipokea vizuri, akaniwekea kiti kivulini, akaniuliza habari za wazazi wangu mmoja mmoja. Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa.

“Binti yangu, maji nikimwaga, naweza kuzoa? Ile kitu kalas. Imekwisha.”

“Basi njoo uyaseme hayo mbele ya huyo mtoto wa siku ile,” nilimwambia, kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimekasirika, na sikuona sababu ya kuficha. Aliniangalia kidogo, akasema atakuja.

Alikuja kweli, amevaa koti zito katika joto lile. Tulikuwa watatu mezani, mimi, mchungaji na keshia, na mkurugenzi wetu alikuwa kwenye skrini kutoka ng'ambo. Mtandao ulimgandisha mara kwa mara, mdomo wazi. Alitoa pole. Pole yake ilikuwa nzuri, imeandikwa na mtu anayejua kuandika, nami niliitafsiri yote. Halafu akaingia katika jambo lenyewe: je, mchungaji anathibitisha kwamba msamaha ulitolewa?

“Ilitolewa,” alisema mchungaji. “Mimi mwenyewe iko pale. Mtoto nakuja, natoa mkono, nasema maneno. Watu yote nasikia.”

Nikatafsiri. Mkurugenzi akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta njia ya kuaga kwa upole. Nilihisi tumeshindwa, na nilianza kufikiria nitamwambia nini keshia tukiwa kwenye ngazi.

Keshia ndiye aliyezungumza. Hakupandisha sauti.

“Mchungaji, wewe siku hiyo ulijua namsamehe nini?”

Mzee alishika ukingo wa meza. Nilidhani angesema hakujua. Ungekuwa uongo rahisi, na hakuna kati yetu ambaye angeweza kumbana. Badala yake alisema polepole kwamba mmisionari aliwaendea wao wazee wa kanisa kabla ya ushirika. Aliwaambia yote, wazi, bila kuficha.

“Yote?” nilimwuliza.

“Yote.”

Mkurugenzi alitaka kujua kwa nini basi mbele ya watu alisema habari za kukosa subira. Nililigeuza swali hilo kwa Kiswahili, nikilitaka jibu lake kuliko yeye.

“Sisi ndiyo tulimwambia afupishe,” alisema mchungaji. “Tulimwambia, pale kwa ushirika kutakuwa na watoto. Si muzuri watoto kusikia maneno kama hii.”

Nilitafsiri. Ni kazi yangu. Mkurugenzi aliniomba nirudie, nami nilirudia neno kwa neno. Safari hii mtandao haukuwa na kosa: alikuwa amesikia mara ya kwanza. Kisha akauliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo: je, mtoto alitoa msamaha huo kwa hiari yake?

Mzee alimgeukia keshia kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Alikuwa mtoto,” alisema. “Tulimtuma. Yeye akatumika.”

Mkurugenzi alisema kwamba kwa shirika, kuanzia siku hiyo, msamaha huo haupo, na kwamba jina litapelekwa kwa polisi. Hakuomba tufunge kwa sala, na kwa hilo nilimshukuru moyoni. Mchungaji alibaki kitini, jasho likimtoka ndani ya koti. Alisema “malesh”, neno la kuomba radhi ambalo watu wa hapa wanalisema hata wakikukanyaga mguu sokoni. Alilisema tena na tena mpaka likawa halina maana.

Nilimsindikiza keshia hadi mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa na haraka ya kurudi dirishani kwake benki. Nilimwuliza kama anadhani iko siku atamsamehe mmisionari huyo kwa kweli.

“Sijui, madam,” alisema. “Labda. Lakini hiyo siku nitaenda mwenyewe.”