Kilichokuwa Kwenye Pindo la Kanga

Mama yangu hali. Asubuhi anameza uji vijiko vitatu, anafunga mdomo, na anachotaka ni kimoja tu: ndizi zake za Noeli. Kwamba tuko mwezi wa sita, hilo yeye halimhusu. Daktari naye amesema tumpe anachokitamani. Angejua ananiagiza nini, asingesema kirahisi vile.

Ndizi za Noeli kwetu zilikuwa ndizi mbichi, njegere za Mgeta alikozaliwa mama, tui zito la nazi, chungu kilekile kila mwaka, na kitu kimoja alichokitoa kwenye pindo la kanga yake mwishoni kabisa, kabla ya kuepua. Kitu hicho hakikutajwa mbele ya watu. Katika ukoo wetu binti wa kwanza humenya ndizi pamoja na mama yake siku ya kuamkia Noeli, na hapo ndipo huonyeshwa. Binti wa kwanza ni mimi.

Sikuonyeshwa kwa sababu nilikuwa naandika. Nilianza nikiwa sekondari, hadithi za watu wanaomwomba Mungu mpaka wanajibiwa, na mama aliamini kazi hiyo ni wito kama wa usista. Kila mwaka niliingia jikoni na kisu, kila mwaka akaninyang'anya. "Toka, nenda kaandike," alikuwa akiniambia. "Ndizi hazikimbii." Nami nilitoka. Tena nisiwe mnafiki, nilitoka mbio, maana utomvu wa ndizi haubanduki mikononi, na mimi nilijiona mtu wa kalamu.

Katika riwaya yangu ya kwanza yumo mama anayepika ndizi hizo. Nilipofika kwenye pindo la kanga nikakwama. Kutoka mezani kwangu mpaka jikoni hazizidi hatua kumi. Ningeweza kunyanyuka nikamuuliza. Niliona uvivu. Nikaandika: "Mama akafungua pindo la kanga, akatoa mdalasini wa mlimani, na nyumba nzima ikanukia sala." Mdalasini niliutoa kichwani, kwa kuwa unaota kwetu Uluguru na kwa kuwa neno lenyewe linajaza mdomo.

Kitabu kilipotoka nilimsomea barazani. Tulipofika hapo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mdalasini kwenye ndizi? Si itakuwa chai hiyo!"

"Ni riwaya tu, mama."

Noeli iliyofuata akina mama wa jumuiya walikuja kuonja ndizi za kwenye kitabu. Asubuhi ile nilimkuta mama anavunjavunja vijiti vya mdalasini. "Sitaki wakuite mwongo," akasema. Wageni wakasifu, wakairudia sentensi yangu huku wanatafuna, nami kichwa kikavimba. Nikamwambia mama kwamba zimekuwa tamu kuliko za zamani. Sijui kama nimewahi kusema neno ninalolichukia kuliko hilo. Kuanzia siku ile alipika za kwenye kitabu, mwaka hadi mwaka, mpaka kumbukumbu zilipoanza kumponyoka.

Mara ya kwanza alipoziomba, nilifurahi. Kitabu si ninacho? Nikapika nikifuata ukurasa wangu mwenyewe. Akaonja, akaisukuma sahani.

"Hii chai," akasema.

Ulimi wake umerudi nyuma, kabla ya kitabu, na huko mimi sikujui. Nimejaribu tangawizi, iliki, karafuu, pilipili manga, hata majani ya mlimao. Anaonja kidogo kwa adabu, kisha anasukuma. Nguo zake zote sasa zinampwaya. Mwisho nilimpigia simu mama mdogo, ndugu yake pekee aliyebaki, ambaye hunitumia njegere kwa malori ya mboga yanayoshuka kutoka Mgeta.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Dada anaendeleaje?"

Nikamweleza.

"Kile alionyeshwa yeye, mwanangu, ndiye wa kwanza. Mimi napika za kitabu chako. Huku wote tunapika za kitabu chako."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na godoro lake kabisa, haondoki. Nimesali pia, msidhani sijasali. Katika riwaya zangu, kufikia hapa mtu angekuwa amekwisha kubisha hodi na jibu mkononi. Kwangu alibisha msoma mita ya maji. Sisemi Mungu hayupo. Nasema hajanijibu, na nimeandika vitabu saba vinavyoahidi kwamba anajibu.

Jana nilijaribu la mwisho. Nilimfunga mama kanga, nikamketisha kwenye kigoda jikoni, chungu kikiwa juu ya jiko la mkaa mbele yake. Nilijiambia kwamba labda mikono inakumbuka pale kichwa kinaposahau. Na kweli, tui lilipoanza kuchemka, vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye pindo, vikafungua fundo nililolifunga mimi. Hapakuwa na kitu. Akapapasa, akageuza nguo, akapapasa tena. Kisha akanitazama.

"Umekichukua wewe?"

Nilipiga magoti. "Kitu gani, mama? Kilikuwamo nini?"

Midomo yake ikacheza bila sauti, na kwa muda ule mfupi niliamini. Halafu uso ukamkunjuka, akasema polepole, kama mtoto anayejibu katekisimu: "Unafungua pindo la kanga, unatoa mdalasini wa mlimani, na nyumba nzima inanukia sala."

"Hayo ni yangu, mama. Hayo nimeyatunga mimi. Kabla ya hayo ulikuwa unaweka nini?"

Alinionea huruma, nililiona hilo waziwazi. Akanyoosha mkono akaninyang'anya mwiko.

"Toka, nenda kaandike," akasema. "Ndizi hazikimbii."

Nikatoka, nikakaa mezani, nikaanza kuandika haya. Niliporudi zilikuwa zimeungua, na mama bado hajala.