Safu ya Juu Ukutani kwa Alima

Alima alimwambia shemeji yake kwamba akiugusa ule ukuta atavunjika vidole, na watu wakadhani anatania. Alima hatanii. Mwanamke aliyewahi kumpiga mumewe kwa sufuria la wali, wali ukiwa ndani, halafu akamkalisha chini aule wote mpaka ule uliomkwama masikioni, huyo si mtu wa utani.

Huyo mume ndiye kisa chenyewe. Jina lake Rachide, fundi wa mashine za boti, mwembamba, maneno mengi kama redio ya jirani. Mashababi, wale vijana wa bunduki na mapanga, walipoingia Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ile Machi ya mwaka elfu mbili ishirini na moja, Rachide alikuwa ametoka kutafuta petroli. Alima alikimbia kupitia mlango wa nyuma, miguuni ana viatu viwili vya mguu mmoja. Alifika kwenye kambi karibu na ua wa mtambo wa gesi wa Afungi nyayo zimechanika kama nyavu. Rachide hakufika popote. Kuna aliyemwona Namoto akivuka mto. Kuna aliyemwona njia ya Pundanhar amefungwa kamba mikononi. Kuna mwingine, mwongo anayejulikana, alimwona Pemba amenenepa. Maiti yake hakuna aliyeiona.

Watu walipoanza kurudi mjini, Alima naye alirudi, akaikuta nyumba imeungua upande wa jikoni. Sebule ilikuwa imesimama, ila ukuta wake mkubwa ulikuwa umepigwa risasi. Wale vijana waliingia, hawakupata mtu wa kuua, basi wakaziua picha. Bibi yake Alima, aliyekufa zamani kwa uzee, kitandani mwake, ameshika tasbihi, alipigwa risasi ya jicho ndani ya fremu. Babu alikatwa panga shingoni hukohuko ukutani. Mjomba aliyekufa maji alichomwa moto.

"Ukoo wetu umekufa mara mbili," Alima husema. "Na mara ya pili ndiyo iliyoniuma, maana fremu zilikuwa mpya."

Sasa, ukuta wa sebule katika mitaa ile una sheria zake. Safu ya juu ni ya wafu. Safu ya chini, usawa wa magoti, ni ya walio hai. Katikati hukaa vioo, ili anayejitazama awe na wazee juu ya kichwa na watoto miguuni, ajue alipo. Mgeni akipiga hodi na kuingia, hatazami kwanza nani kakaa kwenye kochi. Anatazama ukuta. Anaangalia nani kapanda juu tangu alipokuja mara ya mwisho, ndipo ajue aanze na salamu au aanze na pole. Ukishampandisha mtu, umemzika. Hakuna atakayekuuliza cheti.

Kwa hiyo Alima alipoanza kuupanga upya ukuta wake, mtaa mzima ulikuwa ukichungulia. Alipaka chokaa. Aliziba matundu ya risasi kwa udongo, isipokuwa moja, ambalo alilipigilia kigingi akamtundika bibi, kwa kuwa lilikuwa limekaa mahali pazuri. Vioo alivipata kwenye vifusi. Kimoja kilikuwa kioo cha pembeni cha lori lililochomwa njiani na watu ndani. Ukingoni kilikuwa na masizi ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Cha pili kilikuwa cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikatwa kichwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, na wateja wake mpaka leo wanasema ndiyo kazi pekee iliyokatwa sawasawa katika kibanda kile. Watu wa Palma hawana adabu. Wamebaki na midomo, wanaitumia.

Cha tatu kilikuwa mlango wa kabati la nguo, kirefu kama mtu, kina tundu la risasi usawa wa tumbo. Ukisimama mbele yake unajiona mzima, ila umetoboka. Alima alikipenda hicho kuliko vyote. Alikiweka katikati kabisa.

"Dada, kitoe," alisema Verónica, jirani yake, Mmakonde wa Mueda mwenye mikono kama michi, anayepekua mifuko ya vibarua kwenye geti la Afungi. "Kila nikija kwako napigwa risasi ya kitovu."

"Basi njoo ukae chini. Itakupata kichwani, hutasikia kitu."

Na Rachide? Rachide alikaa safu ya chini, kati ya binti yao anayesoma Nampula na mdogo wake Rachide, Abdulcarimo, yule shemeji, aliyepigwa picha amevaa suti ya kuazima, kidevu juu, kama anagombea kura.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Rachide akiwa magotini, nyumba ni yake na mkewe anaitunza. Rachide akipanda juu, nyumba ni urithi, na katika urithi Abdulcarimo ana mkono mrefu. Alishamwahidi nyumba hiyo mkandarasi mmoja aliyekuwa akitafuta mahali pa kulaza mafundi wake. Kilichobaki kilikuwa karatasi ya kifo, na karatasi hiyo ilikuwa kwa Bernardino, sekretario wa bairro, yaani mkuu wa mtaa, mwenye muhuri.

Bernardino alikuwa mwoga wa muhuri wake mwenyewe. Alishawahi kumwandikia mtu kifo, na wiki iliyofuata marehemu akaja kuulizia mgao wake wa mchele, tena kwa matusi. Tangu siku hiyo alikuwa na kanuni moja. "Sigongi muhuri kwa mtu ambaye bado yuko chini," alimwambia Abdulcarimo. "Familia ikishakubali, nitaona ukutani."

Ijumaa moja, baada ya sala, Abdulcarimo alikuja. Kanzu nyeupe imepigwa pasi. Mkono mmoja nyundo, mwingine fremu mpya ya rangi ya dhahabu, ndani yake Rachide, pembeni utepe mweusi. Nyuma yake Bernardino na mkoba wake.

"Hodi, shemeji."

"Kama ni chakula, karibu. Kama ni nyundo, rudi nayo."

"Mwaka wa tatu huu, shemeji. Mtu hafi nusu. Tumpandishe, tumsomee khitima, nawe ukae eda yako kwa heshima."

"Eda ya nani? Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na uvumi. Nionyeshe mwili wake."

"Mwili gani? Pengine uko baharini."

"Basi niletee bahari, nichambue mwenyewe."

Bernardino alikohoa. "Dona Alima, mimi nimekuja kutazama tu. Nikimwona juu, naandika. Nikimwona chini, naenda zangu kula."

"Keti utazame, Sekretario. Leo utatazama sana."

Abdulcarimo alivuta stuli, akapanda. Akaweka msumari safu ya juu, kando ya bibi mwenye jicho moja. Akapiga mara moja. Chokaa ikadondoka.

"Shemeji, shuka."

Akapiga mara ya pili. "Huyu mtu amekufa, Alima! Hata angekuwa hai, nani angerudi kwako apigwe sufuria?"

Hilo la sufuria lilimponza. Alima alijinyoosha akamshusha bibi ukutani. Fremu ya bibi ni ya mpingo, imechongwa Mueda, uzito wake kama tofali. Aliishika kwa mikono miwili na kumchapa nayo shemeji yake kwenye muundi, mfupa uliokuwa usawa wa kiuno chake. Nyundo ilikuwa tayari hewani kwa pigo la tatu. Ilishuka, lakini msumari haikuuona. Ilitua juu ya vidole viwili vya mwenyewe, na vidole vilitoa mlio wa karanga.

Kama aliyoahidi Alima yangeishia hapo, ingekuwa ugomvi wa kawaida wa mashemeji. Lakini Abdulcarimo alipiga yowe, akageuka palepale juu ya stuli, akazungusha nyundo kwa mkono mzima. Ilimpata Alima begani. Mkono wake wa kushoto ukafa ganzi mpaka kwenye kucha. Hakulia. Alimrukia akamng'ata paja, kanzu na nyama pamoja, akabaki hapo kama kupe. Abdulcarimo akampiga kwa kiwiko juu ya jicho, mara mbili, tatu, ngozi ikapasuka. Stuli ikavunjika mguu. Wakaanguka wote wawili, na mlango wa kabati ukawapokea. Kioo kirefu kiliwashukia kwa vipande, kimoja kirefu kama upanga kikamfungua Abdulcarimo kichwa kutoka kwenye nywele hadi sikioni. Nyundo iliruka ikatoboa mkoba wa Bernardino, ambaye wakati huo tayari alikuwa chini ya meza akimwomba Bikira Maria, ndani ya nyumba ya Waislamu, Ijumaa.

Abdulcarimo alikuwa amelala nyuma ya kochi, damu inamwingia machoni, pumzi hana. Alima alisimama akishika ukuta. Akatazama juu. Msumari ulikuwa umekaa vizuri, hilo lazima asifiwe. Hata Rachide mwenyewe asingeupigilia hivyo.

Akainama. Akaitoa safu ya chini picha ya Abdulcarimo, ile ya suti ya kuazima, akapanda juu ya kochi na kuitundika kwenye msumari huo. Kisha akamrudisha bibi mahali pake, akakaa kwenye kochi, akaanza kutema damu kwenye leso.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamesikia yowe. Waliingia pamoja, na kama ilivyo desturi walitazama ukuta kwanza. Wakamwona Abdulcarimo, kidevu juu, kando ya bibi. Wakaona damu sakafuni. Hakuna aliyeuliza. Leso zikapanda vichwani na kilio kikaanza papo hapo, kilio cha watu wenye mazoezi.

"Jamani, ngojeni," alisema Bernardino kutoka chini ya meza, lakini hakuna anayesikiliza muhuri wakati wa msiba.

"Ooh, Abdulcarimo! Mtu wa watu!"

"Wa watu gani? Mimi alininyima maji ya kisimani wakati wa kiangazi."

"Atija, marehemu anasemwa mema."

"Haya, nasema mema. Amekufa."

"Hivi nani kamuua maskini?"

"Tamaa," Alima akajibu, akapangusa mdomo.

Nyuma ya kochi, maskini alisikia yote. Alisikia kwamba mkewe atapata bora. Alisikia kwamba ile suti hakuirudisha hadi leo. Uvumilivu ukamwisha. Akajiinua polepole, kanzu nyekundu, vipande vya kioo vinametameta kwenye nywele, jicho moja limefumbwa na damu, akafungua mdomo aseme kitu.

Chumba kiliisha watu. Wawili walipita dirishani. Mmoja alimkanyaga mwenzake mkono ukavunjika, na mpaka leo hawasemeshani. Aliyebaki ni Verónica, aliyekuwa amefika mwisho kabisa akiwa na mchi, kwa kuwa alikuwa akitwanga aliposikia vilio na hakuona sababu ya kuuacha. Alimpiga Abdulcarimo mtulinga, ule mfupa wa begani. Ulivunjika kwa sauti safi.

Baadaye, kwenye zahanati, muuguzi alimuuliza kwa nini.

"Nilidhani mzuka."

"Na ulipojua si mzuka?"

"Nilikuwa nimeshapiga cha pili."

Bernardino alitoka chini ya meza, akapangusa magoti, akautazama ule ukuta kama mtu aliyetukanwa.

"Ukuta huu umemzika mtu aliye hai mbele ya macho yangu," alisema. "Siuamini tena. Siandiki kifo cha yeyote kwa ushahidi wake. Rachide atabaki alipo."

"Yuko wapi, Sekretario?"

"Sijui."

"Basi andika hivyo."

Akaandika hivyo, akagonga muhuri, akaondoka na mkoba wenye tundu. Abdulcarimo alishinda miezi akizungukia watu kuwaonyesha kwamba bado anapumua, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Ndugu wa mkewe kule Pundanhar walikuwa wameshamsomea khitima na kula ubwabwa, na hawakuona haja ya kuutapika. Mkandarasi akapata nyumba nyingine.

Alasiri ya Ijumaa ile Alima alifagia vioo kwa mkono mmoja. Picha ya Rachide, ile ya zamani ya safu ya chini, ilikuwa imepasuka kona. Aliishika, akataka kuirudisha magotini, goti likakataa kukunjika. Juu hakutaka hata kupatazama. Katikati, palipokuwa na kioo kirefu, palibaki ubao mtupu wa mlango wa kabati na lile tundu. Akachomeka msumari kwenye tundu, akamtundika hapo.

"Rudi, mshenzi wewe, tumalizane," alimwambia. Akaketi akilia kwa hasira, jicho limevimba kama tikitimaji, mpaka Verónica alipokuja na maji ya moto.

Siku ya tatu Verónica alirudi na picha ndogo ya kitambulisho. Kaka yake, Virgílio, aliyechukuliwa njiani akiwa na gunia la mihogo.

"Mama yetu anataka tumpandishe juu," alisema. "Mimi sitaki. Hapo katikati pana nafasi?"

Pana nafasi, Alima akasema, na akakitoa kioo cha lori. Wiki iliyofuata Atija alileta wanawe wawili, kikatoka cha kinyozi. Wakaja wengine, wengine hata hawakufahamiana naye, wanapiga hodi, hawasalimii, hawatoi pole, wanatoa fremu iliyofungwa kwenye leso. Bernardino mwenyewe alikuja siku moja bila mkoba, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, na Alima akamwuliza tu, "Wako mkubwa au mdogo?" ili ajue ukubwa wa msumari.

Ramadhani ilipofika hapakuwa na kioo hata kimoja kwenye ule ukuta. Verónica alimkuta Alima sebuleni, leso mpya kichwani, anageuka huku na huku mbele ya nyuso za watu.

"Jamani," Alima alisema, "na mimi nikitaka kujitazama niende wapi?"

Verónica alimtazama, kovu la juu ya jicho, bega lililoshuka.

"Upo, dada. Leso imeenda upande, lakini upo."