Sauti ya Tatu na Nusu

Katika kwaya ya kigango chetu cha Itetemia binadamu wote wamegawanywa mafungu manne. Wanawake ni sauti ya kwanza na ya pili, wanaume ya tatu na ya nne. Mimi nilitolewa ya tatu kwa kushindwa kupanda, nikatolewa ya nne kwa kushindwa kushuka. Kwa miaka miwili nikawa mpangaji wa mabenchi, cheo nilichopewa kwa makofi.

Ndipo shemeji yangu wa Kaliua, anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi, akanijazia kimakosa Mtaliano mmoja aliyekufa zamani. Nilikuwa nimemwomba nyimbo za Kwaresima. Kwenye orodha iliandikwa "baritoni". Nikatafuta maana kwenye simu: sauti ya kiume iliyo kati ya ya tatu na ya nne. Nusura nilie. Kumbe huko kwao watu kama mimi husikilizwa kwa kiingilio!

Nikamsikiliza kila siku. Rekodi zenyewe ni za kale, zinatatarika kama karanga kikaangoni.

"Baba watoto, huyo mzee kafiwa na nani?" mke wangu aliuliza.

Nikamwambia hajui sanaa. Mimi mwenyewe sikuelewa neno hata moja, ila kuna mahali ambapo waimbaji wetu wangepasua mishipa ya shingo, naye alipunguza sauti hadi ikawa mnong'ono, na mnong'ono ule ukajaza chumba. Nilimpenda mtu yule, tena sana.

Jumamosi nikabeba spika hadi mazoezini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mabenchi tayari?"

Nikasema leo nimeleta ushahidi, nikawasha. Kwaya isiyojua kunyamaza hata padri akihubiri ikanyamaza. Mwalimu akavua miwani, akajifuta macho.

"Kumbe sauti ya katikati ipo," akasema.

"Ndiyo niliyo nayo mimi," nikamjibu, kifua mbele.

"Haya, imba."

Nikaimba ubeti mzima wa wimbo wa matoleo, na pale pa kunong'ona nikanong'ona. Mwalimu akavaa tena miwani.

"Mwanangu, miaka yote miwili nilikuonea huruma, nikidhani sauti yako haina pa kukaa. Kumbe pa kukaa papo. Sauti ndiyo haipo."

Kisha kwaya nzima ikaomba Mtaliano arudiwe, na aliyebonyeza ni mimi.