Lundo Lililooshwa

Kila asubuhi koleo liligongwa mara tatu kwenye ukingo wa sanduku la mbao, nyuma ya maduka, na jengo zima likajua kumekucha. Siku hizi sauti hiyo haipo. Wakazi wa ghorofa zote nne hawajaulizana imekwenda wapi. Watu wa namna hiyo huulizana habari za lifti tu.

Mwenye koleo walimwita Mama Mboji, wakajiona wamemtania vizuri sana. Alikuwa mjane mwembamba aliyeishi chumba kimoja na dada yake, fundi cherehani wa duka la pembeni. Kazi yake ilikuwa kuyageuza makombo ya mgahawa, ya genge la mboga na ya majiko yote ya juu yawe mbolea palepale uani. Alikuwa na masanduku matatu, maranda ya mbao kutoka kwa seremala wa chini, na mkono wake wa kulia, aliouzamisha ndani ya lundo mpaka kiwiko kupima joto linaloivisha mbolea.

Wakazi waliambiwa wamwage makombo bila mifuko. Wakaleta mifuko, tena imefungwa mafundo mawili mawili, jirani asije akaona walichotupa. Mama Mboji aliyafungua kwa kucha. Ndani alikuta sufuria nzima ya wali ambao haukuguswa, na mikate iliyoumwa mara moja ikaachwa. Kutupa hakukuwatia aibu. Kuonekana ndiko kulikowatia.

"Wanaficha kama wameua mtu," alimwambia dada yake.

"We nyamaza, watakusikia."

"Wanisikie wapi, dada? Hata salamu yangu hawaisikii."

Kisha manispaa ikatoa taarifa: maofisa watakuja Alhamisi. Wakikuta lundo linafanya kazi, libaki. Wakikuta uchafu, liondolewe, na Mama Mboji aondoke nalo.

Mwenyekiti wa kamati ya wakazi alikuwa daktari wa meno, mtu wa kusafisha koo kabla ya kusema lolote, hata "karibu". Alishaagiza mpiga picha.

"Mama, hapa panatakiwa panukie."

"Panukie nini, daktari? Waridi?"

"Usinifanyie mzaha."

"Panatakiwa pawe moto, basi. Tia mkono uone."

Daktari akaficha mgongoni mikono yake, mikono inayoshinda vinywani mwa watu.

Jumanne, Mama Mboji alipokwenda kuchukua maranda, kamati ilishuka na mpira wa maji na madumu ya dawa ya kuoshea vyoo. Waliliosha lundo. Walilisugua kwa mafagio, wakalimwagia tena, wakapongezana. Aliporudi alizamisha mkono. Baridi.

"Nani kafanya hivi?"

"Tumekusaidia, mama," alisema mke wa daktari. "Sikia, linanukia limau."

"Mmeliua, bibie."

"Kumbe takataka nayo hufa!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku mbili alipindua, akaongeza maranda, akapindua tena. Dada yake aliacha nguo za watu mezani akaja kumsaidia. Haikufaa kitu. Maji yalikuwa yameshuka mpaka chini, na Alhamisi lundo lilioza kwelikweli, uvundo ukapanda hadi ghorofa ya nne. Maofisa hawakumaliza dakika tano. Mpiga picha hakufungua mkoba.

Daktari akasafisha koo. "Huyu mama tulimwonya tangu mwanzo."

Wakazi wakatikisa vichwa kukubali, akiwemo aliyeshika mpira wa maji Jumanne. Hakuna hata mmoja aliyekosa pa kuweka macho yake. Waliyaweka kwa Mama Mboji, sawasawa, kama watu wasio na hatia.

"Nawajua," aliwaambia, akachukua koleo lake.

Pale uani sasa pana maegesho ya magari mawili, moja la daktari. Mama Mboji yuko kwenye bustani ya miche upande wa pili wa mji, anageuza mboji siku sita kwa wiki.