Vifuniko vya Kalamu Kwenye Chai ya Wakwe

Hapana, msiniambie ningeosha kwa mkono. Hilo nimeshaambiwa na mama, nimeambiwa na Shangazi, nimeambiwa mpaka na muuza mkaa ambaye ukumbini hata hakuwepo. Najua. Aibu nimeipata, tena mbele ya wazee wa pande mbili waliovaa makoti, na nusura nimharibie dada yangu ndoa. Ila kabla hamjanicheka naomba mnisikilize kwanza, halafu mcheke mkishajua yote.

Mnaijua gesti ya Shangazi pale Nangara. Tangu tupewe mkoa wetu, Babati kila wiki ina semina, na watu wa semina wanalala wapi? Kwa Shangazi. Ndio maana akaagiza Arusha ile mashine ya kuoshea vyombo, ya mtumba, maana alisema mimi na binamu yangu Eva tunavunja sahani kuliko tunavyoosha (sio kweli, Eva ndiye anavunja). Mashine nzima, inaunguruma vizuri, ila vichanja vyake vya ndani vimechoka. Yale meno ya waya yanayoshikilia vikombe, plastiki yake imebanduka kwenye ncha, waya umepata kutu, na kila kikombe kikitoka kina alama ya kahawia ndani kama mtu katemea ugoro. Fundi akasema dawa yake ni vifuniko vidogo vya mpira, unavisha kila jino, unagundisha, basi. Vinatoka Arusha, vitakuja na basi.

Vikaja? Havikuja. Tukangoja wiki, tukangoja nyingine, na mimi kungoja mnajua siwezi, hata maharage huwa nayala magumu.

Sasa Jumamosi wakwe wanakuja kupanga mahari ya Dada Ruthi. Kwetu nyumbani padogo, kwa hiyo baba akaomba ukumbi wa gesti. Wakwe wenyewe ni watu wa Mbulu juu kule, na sisi kwa asili ni watu wa Upareni, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na wasiwasi, mila zao hatuzijui na zetu hawazijui. Mama alikuwa anatuambia kutwa, "Wakifanya kitu msichokielewa, msishangae, tabasamuni tu." (Likumbukeni hilo neno.) Na Shangazi akanipa maagizo yake Ijumaa jioni: "Upendo, vifuniko havijaja, vikombe vya wakwe oshea kwenye beseni."

Nikasema ndio Shangazi. Halafu nikaliona lile kopo.

Watu wa semina wanasahau kalamu kuliko kitu chochote, na Shangazi hatupi kitu, kalamu zote anazitia kwenye kopo la maziwa pale mapokezi. Nikachukua kifuniko kimoja cha kalamu, nikakijaribu kwenye jino la kichanja. Kikaingia! Kinacheza kidogo, lakini kuna gundi. Jamani nilijiona fundi mkuu. Nikavisha meno yote yenye kutu, bluu, nyekundu, nyeusi, kijani, kichanja kikapendeza kama bustani. Kwenye gundi palikuwa pameandikwa iachwe ikauke siku nzima. Siku nzima! Mimi nikaiacha mpaka ugali ulipoiva, nikapanga vikombe, nikawasha.

Maji ya ile mashine ni ya moto sana. Gundi ambayo haijakauka ikalainika, vifuniko vikachomoka kwenye meno, vikaenda kuganda ndani kabisa ya vikombe, kwenye kitako. Na mimi kwa haraka zangu nilifungua, nikaona vikombe vinang'aa kwa nje, nikavitoa na kuvifudikiza kwenye sinia, nikafunika na kitambaa cha mama cha kudarizi. Sikuchungulia hata kimoja.

Kesho yake wakwe wakaja, shikamoo marahaba, wakakaa. Msemaji wao, mshenga, ni Mzee Tluway, mtu mrefu anayeongea polepole. Pamoja nao alikuja bibi mzaa baba wa bwana harusi, Bibi Paskalina, mdogo wa mwili lakini wote wanamwogopa. Mzee Tluway akaanza na mafumbo yao, eti walikuwa wanapita wakaona ua bustanini kwetu, baba akajibu ua lina mwenyewe, mambo yakaenda vizuri mpaka wakakubaliana karibu kila kitu. Ikabaki chai, halafu kushikana mikono. Eva akazunguka na chupa ya chai ya maziwa, anageuza kikombe na kumimina hapo hapo kwa mbwembwe, hatazami ndani, kisha wote wakafumba macho kuiombea chai.

Chai ya maziwa haionyeshi kitu. Ila ikinywewa ikaisha, inaonyesha.

Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la maandazi. Nikamwona Mzee Tluway anamalizia funda la mwisho, anainamisha kikombe, anatazama ndani. Akatazama tena. Halafu (mama angempa zawadi) akatabasamu. Jirani yake naye akamaliza, akachungulia, akatabasamu. Upande wetu Baba Mkubwa akachungulia chake, akamtazama Mzee Tluway kwa jicho la pembeni, naye akatabasamu. Ukumbi mzima watu wanatabasamia vikombe. Nikasema moyoni, kumbe chai imependwa!

Mzee Tluway akasimama. "Tunaomba kidogo tukatete nje."

Wakatoka wote na vikombe vyao, wakaenda nyuma kwenye tangi la maji, ambapo ndipo dirisha la jikoni lilipo. Nikaenda kusikiliza (ndio, nina umbea, tuendelee).

"Mimi changu cha bluu," akasema mmoja.

"Changu chekundu. Mwekundu ni wino wa mwalimu. Wametufelisha."

"Hapana," akasema Mzee Tluway. "Sikilizeni. Kifuniko bila kalamu. Wanatuambia binti bado anataka kusoma, tusimwondoe sasa. Hawa watu ni wastaarabu, hawakatai kwa mdomo."

"Sasa mbona mimi sikupewa?" Hiyo ni sauti ya Bibi Paskalina. "Geuza hiki kikombe. Kuna kitu? Hakuna. Wote mmepewa, mimi mama wa ukoo nimenyimwa!"

Jamani! Nikatazama kile kichanja changu, meno yako uchi, kutu inanichekea. Nikakimbia ukumbini nimwambie mama, nikakuta Baba Mkubwa anamnong'oneza baba, "Hawa wametutilia vitu kwenye vikombe wakati wa sala. Mimi siipendi hii mila." Baba kakunja uso. Dada Ruthi, aliyekuwa chumba cha pili anasubiri kuitwa, alikuwa ameshasogea mlangoni, ushungi umemteleza.

Wakwe wakarudi. Hawakukaa.

"Fumbo lenu tumelipokea," akasema Mzee Tluway kwa heshima kabisa. "Tunarudi nyumbani tukaitafute kalamu. Binti akimaliza masomo mtatuita."

"Masomo gani?" akasema baba.

Dada akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtoka tu, na ameshamngoja huyo bwana harusi wake Damiano miaka, anajua kila mtu hapa mjini. Hapo ndipo nikaona heri nife mimi. Nikaenda jikoni, nikachomoa kichanja kizima kwenye mashine kinachuruzika maji ya jana yaliyotuama ndani, nikaingia nacho ukumbini mbele ya makoti yote yale.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Sio fumbo. Ni mimi."

Nikaeleza yote, kutu, fundi, basi, kopo, gundi. Nikaonyesha na vile vifuniko vichache vilivyobaki kwenye meno. Nilipomaliza, maji yalikuwa yanadondoka sakafuni, ta, ta, ta.

Bibi Paskalina akaja akagusa kifuniko kimoja, kikabaki mkononi mwake. "Kwa hiyo sio mila yenu?"

"Sio mila bibi."

"Na mimi sikunyimwa?"

"Cha kwako hakikuchomoka tu, bibi. Samahani."

Akacheka huyo bibi, akacheka mpaka akashika meza, na mshenga naye akaanza, na Baba Mkubwa akatoa kifuniko chake mfukoni (alikuwa amekificha!). Mama peke yake ndiye hakucheka.

Lakini mikono haikushikwa. Mzee Tluway alisema neno likishakatika linalala, watalala hapa gesti na litaendelea kesho baada ya chai. Bibi akanitoza faini mbele ya wote: chai hiyo ya asubuhi nioshe vikombe mimi, kwa mkono, yeye akiniangalia. Alipopita akaninong'oneza, "Na changu uniwekee cha kijani." Mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania.

Dada alijifungia. Nikagonga. "Upendo, usinisemeshe," akasema. Nikakaa pale mlangoni nikibandua gundi vidoleni, na hapo ndipo nikaamua. Kesho naamka kabla ya jogoo wa Shangazi, nachomoa vifuniko vyote, mashine inafungwa mpaka vya Arusha vije hata vikichelewa mwaka, nakaa kwenye beseni na maji ya moto na sabuni bila haraka. Cha kijani nitakisugua nikiweke kwenye kisosi cha bibi, pembeni ya kikombe. Na kikombe cha kwanza kabisa nitampelekea Dada, kikiwa kitupu, akitazame ndani mwenyewe. Akisema kiko safi, ndio nitamimina chai.