Saumu ya Samaki wa Mama Suresh

Nyumbani kwa Induben hakutoka mtu na tumbo tupu, na hilo ndilo lililokaribia kumuua samaki wake.

Jina lake ni Induben, lakini mjini Singida sote tulimwita Mama Suresh, hata waliomzidi umri. Alikuwa na duka la vitambaa, nasi tulikuwa ukuta kwa ukuta naye, tukiuza kanzu na mikeka. Ukipita mlangoni kwake kumpa shikamoo, basi umekwisha. Utakalishwa, utaletewa chai ya tangawizi na chapati nyembamba za moto, na ukisema umeshiba atakutazama utadhani umemtukania mama yake. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi kutoka Kondoa, mwembamba, mwenye kisirani, na nyumba ya wakwe ilinibana. Kwake ndiko nilikojifunza kucheka Singida. Mwanawe Suresh alimchukua zamani wakahamia mbali, na duka lile lina watu wengine, lakini mpaka leo nikinusa iliki namkumbuka mpaka roho inaniuma.

Samaki alikuwa mwekundu, mkia wake mrefu ukipepea nyuma yake. Marehemu Jivraj, mume wa Mama Suresh, alimleta kutoka Dar es Salaam ndani ya kopo la maziwa, amelipakata kwenye basi njia nzima. Alimtengenezea sanduku la kioo, akaliweka sebuleni nyuma ya duka, akampa jina la Tajiri. Jivraj alipofariki, Tajiri akabaki. Mama Suresh alikuwa akiniambia kwamba miwani ya mumewe imenyamaza, kofia imenyamaza, kiti kimenyamaza. Aliyebaki anapumua ni samaki peke yake.

Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa si muda mrefu, na jina kama lile halikuwa la kuchezea. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mughwai, Mnyaturu mrefu mwenye sauti ya mkutano wa hadhara hata akiomba maji ya kunywa, alisimama mbele ya kioo akatikisa kichwa.

"Huyu ni kupe," alisema. "Anakula bila kutoa jasho."

"Basi usimpe kitu, mzee," nikamjibu.

"Aa! Nitamnyimaje, naye ni mtu wa nyumba hii?" Akatoa mfukoni kipande cha ugali alichokuja nacho kwa kazi hiyohiyo, akakitumbukiza.

Hakuwa peke yake. Wateja kutoka Ilongero walidondosha punje za mtama. Mimi nilipeleka wali wa mama mkwe. Mama Suresh mwenyewe kila asubuhi alifinyanga vidonge vya unga, kwa kuwa katika dini yao kumlisha samaki ni thawabu. Wengi wetu hatukuwahi kuona samaki asiyesubiri chungu, kwa hiyo kila mmoja alitaka amwone akifumbua mdomo kwa ajili yake.

Maji yakaanza kuwa na ukungu, halafu yakanuka. Ule mkia mzuri ukachanika ncha, ukawa na weupe pembeni, ukaliwa kidogokidogo kama pindo la khanga kuukuu. Tajiri akawa anakaa pembeni tu, mapezi ameyabana. Mama Suresh akatia manjano, maana manjano huponya kidonda cha mtu, na samaki akawa anaogelea kwenye mchuzi. Mzee Mughwai akaleta chumvi iliyookotwa kando ya ziwa Singidani. Lau tungeitia, hadithi ingeishia hapo.

Bahati nzuri alishuka kwenye basi shemeji yake Mama Suresh, Kurji, mdogo wa marehemu, mwenye duka Tabora na mfuga samaki wa siku nyingi. Hata chai hakunywa. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha hadi kwenye mchanga wa chini, akauibua na tope jeusi lililotufanya sote tuzibe pua. Mlikuwa na wali mle, ugali, chapati, vyote vimeoza.

"Bhabhi," alimwambia shemeji yake, "huyu hajarogwa. Mapezi yanaoza kwa sababu maji yameoza. Analala ndani ya makombo yetu."

Akatueleza la kufanya. Mchanga uoshwe. Kila asubuhi tuchote sehemu ya maji machafu na kutia mengine, si yote kwa mpigo, asije akashtuka. Maji mapya yatekwe siku moja kabla na yaachwe wazi kwenye ndoo yatulie. Chumvi iwe kidogo, tena ile ya jikoni, si ya ziwani yenye magadi.

"Na chakula basi, mpaka maji yatakate. Samaki hafi kwa njaa upesi. Hufa kwa shibe."

Mama Suresh alikuwa akiitikia yote kwa kichwa. Hapo akaacha.

"Hilo siwezi."

"Bhabhi, atakufa."

"Daktari alisema Jivraj asiguse sukari," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Kila alipoomba jalebi, nilimpa. Alikuwa anatabasamu hivi. Nimnyime mume wangu nyumbani kwangu? Sasa mnaniambia na huyu pia..." Mimi nilimshika mkono, ukiwa wa baridi, nikamwonea huruma mpaka nikapata hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi.

Wakati huohuo mzee Mughwai akaingia na ugali wake. Mama Suresh akajifunika uso kwa ncha ya sari. Nilijua hatamzuia. Angemwacha alishe, halafu angelia. Nikasimama mbele ya kioo.

"Mzee, samaki amefunga."

Mkono wake ukaishia hewani. "Amefunga?"

"Amefunga."

Akarudisha ugali mfukoni taratibu, kama mtu aliyekaribia kutenda dhambi. "Samahani, sikujua. Amefunga ya kwenu Waislamu au ya kwao Wahindi?"

"Sijamuuliza."

"Hata sisi tuna Kwaresima," alisema kwa heshima, akaondoka kwa kunyata.

Mama Suresh akafunua uso. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akicheka, kicheko kilichochanganyika na machozi.

"Kama amefunga," alisema, "nami nitafunga naye."

Akafunga saumu ya kwao, ya maziwa na ndizi tu. Habari zikaenea mtaani na hakuna aliyethubutu kudondosha hata chembe. Mtu hamlazimishi aliyefunga. Watu wakawa wanashusha sauti wakipita sebuleni. Kila asubuhi mimi na yeye tulichota maji, tukamimina maji, upepo wa Singida ukitupiga vumbi uani, naye akinihadithia ujana wake. Zilikuwa asubuhi njema kuliko zote nilizopata kuishi, na sikujua.

Maji yakatakata. Weupe ukaacha kupanda, na kwenye ncha za mkia likaanza kuota pezi jipya, jembamba, lisilo na rangi. Kurji alipoaga alisema sasa apewe, lakini tonge lisizidi jicho lake.

Mama Suresh akadondosha chembe moja. Tajiri akaidaka, kisha akapanda juu akimfumbulia mdomo, anaomba. Chembe ya pili ilikuwa tayari vidoleni. Akamtazama samaki, akakunja ngumi.

"Imetosha, Tajiri," alisema.

Kisha akaketi sakafuni, akaegemea ukuta, akaniangalia.

"Nipakulie, mwanangu."

Nikababaika. Muda wote ule nimekula kwake, sikuwahi kumwona akila. Alikula wa mwisho, jikoni, peke yake, na kwa desturi ya kwao hakupokea chakula kutoka mkononi mwa mtu wa dini nyingine kama mimi. Nikanawa, nikaweka chapati na dengu, nikampa. Alikula mbele yangu huku analia, na alipomaliza akaninyooshea sahani nimwongeze.