Maneno ya Kumtoa Mtu

Jirani yangu Klara ana daftari la maneno ya Kiingereza yanayomtoa mtu mahali pake. Alilianza akiwa kidato cha tatu, siku aliyopewa barua yenye neno "expelled" kwa sababu ya mimba. Alilitafuta kwenye kamusi ya shule kabla hajairudisha, akakuta neno hilo lina ndugu wengi. Akafungua kwenye "dis", huko ndiko kulikuwa na ukoo mzima. Mimi Kiingereza sikijui, lakini nasema kina roho mbaya.

Mtoto alizaliwa kituo cha afya, wakampa Klara karatasi ya ruhusa yenye "discharged", akarudi naye nyumbani. Siku ya tisa mtoto akafa. Alimzika nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa minyaa, akaweka mawe matatu. Saruji angeitoa wapi? Baadaye alimzaa mtoto mwingine, Mageni, akafua nguo kambi ya mgodi hadi walipomwandikia "dismissed", akarudi kulima mpunga.

Mwaka jana kampuni ya dhahabu ikataka kitongoji kizima kihame. Wathamini walipaka namba nyekundu kwenye nyumba zetu, wakahesabu mipapai, wakaorodhesha makaburi ya saruji ili yahamishwe kwa heshima. Kisha tukaitwa ofisi ya kijiji kutia saini. Mimi niliweka dole gumba bila kuuliza chochote, na mpaka leo najionea aibu.

Zamu ya Klara ilipofika, alisoma. Kidole chake kikasimama ukurasa wa pili.

"Kijana, hapa mmeandika 'disclaim'."

"Ni lugha ya kisheria tu, mama," alisema Herman, mthamini. "Maana yake hutadai kitu kingine kilichobaki pale."

"Kilichobaki pale ni mwanangu."

Mzee Maduhu, mwenyekiti wetu, aliingilia kati. "Mama Mageni, yale ni mawe tu. Wenzako wote wameshasaini."

"Yaya!" Klara alikataa kwa Kisukuma, sauti ikafika hadi nje. "Shule walinifukuza, nikanyamaza. Kazini wakanifukuza, nikanyamaza. Huyu hazolewi na kifusi, mzee. Sisaini mpaka aandikwe."

Akatoka na fomu yake mkononi. Herman akamfuata, nasi nyuma yao, maana nani angebaki ofisini? Klara alipofika kwenye minyaa aliketi chini kando ya yale mawe, akanyoosha miguu. Mzee Maduhu akamwambia magari ya kampuni yanasubiri.

"Yasubiri. Mimi nimesubiri miaka ishirini na miwili."

Nilitamani kupiga vigelegele, nikajizuia. Herman akachuchumaa kando ya mawe. Aliomba fomu, akalikata lile neno kwa mistari miwili, akatia saini pembeni. Halafu akafungua ukurasa wa makaburi.

"Jina la marehemu?"

"Limi."

"Umri?"

"Siku tisa."

Fomu ilikuwa na nafasi ya miaka peke yake. Herman akainamisha kalamu aandike sifuri, Klara akamshika mkono.

"Andika tisa," alisema. "Na uandike siku, kwa Kiswahili."